UZI MAALUMU: Desemba kwa barabara kati ya Kenya na Tanzania, upite mpaka gani na ufike saa ngapi

Mwana wa Longido (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila ikifika wiki ya tatu ya Desemba humu zinafunguliwa nyuzi kumi za "wadau, Namanga kukoje leo?" na zote zinaishia kwenye ubishi wa Simba na Yanga. Mwaka huu tuweke huu mmoja, kila mwenye taarifa amwage hapa. Mimi naendesha vibasi vya abiria vya Arusha–Nairobi, kwa hiyo nitaanza na ninachokijua.

Niseme ukweli: mpaka wenyewe siku hizi unasingiziwa. Tangu kituo cha pamoja cha Namanga kizinduliwe 1 Desemba 2018 na marais Magufuli na Kenyatta, ukitoka Nairobi hushuki upande wa Kenya kabisa. Unapitiliza hadi jengo la upande wa Tanzania, humo ofisa wa Kenya anakugongea muhuri wa kutoka, unasogea dirisha linalofuata ofisa wa Tanzania anakugongea wa kuingia. Ukitoka Arusha ni vivyo hivyo, yote unamalizia jengo la Kenya. Waliopita pale zamani wanajua tulikotoka: kushuka mara mbili, foleni mbili, na katikati unakatiza kwa miguu na begi kichwani huku vishoka wanakuvuta shati.

Kinachokula muda ni saa uliyofika, na makaratasi ya abiria mwenzako.

Kuhusu saa. Magari mengi ya asubuhi yanaondoka saa mbili kutoka miji yote miwili. Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110, Nairobi hadi Namanga ni kama 165. Sasa piga hesabu mwenyewe. Wa Arusha wanamiminika jengo la Kenya kuanzia saa nne hivi, wa Nairobi wanajaa jengo la Tanzania kuanzia saa tano na kuendelea. Kuanzia tarehe 20 ongeza magari binafsi yenye mikeka na majiko juu ya keria, na mabasi ya masafa yaliyochelewa njiani. Mstari unatoka nje ya mlango. Ukifika hapohapo saa moja asubuhi unakuta maofisa wanapiga soga. Namanga inafanya kazi saa 24, hakuna sababu ya mwenye gari lake kuondoka saa mbili kama anafuata ratiba ya basi.

Karatasi: Mtanzania kwenda Kenya au Mkenya kuja Tanzania ni pasipoti, au hati ya muda ya safari kutoka Uhamiaji. Viza hakuna. Kitambulisho cha taifa peke yake kinawatosha Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaozunguka kati ya nchi zao tatu. Tanzania hatumo kwenye mpango huo, na kila Desemba kuna Mkenya anabishana dirishani kwa sababu alienda Kampala na kitambulisho akarudi salama.

Kuhusu cheti cha homa ya manjano, kwa anayetoka Kenya kuja Tanzania, uwe nacho. Chanjo inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ukienda kuchomwa tarehe 20 usafiri tarehe 22 umejidanganya. Halafu usimtupe bibi cheti chake cha zamani: tangu Julai 2016 kanuni za WHO zinasema cheti ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka kumi.

Karibuni.

Kibosho Road

Nakaa siti ya mbele kabisa. Sisi wa kwenda kuhesabiwa (yaani kurudi nyumbani Kilimanjaro kwa sikukuu) tunashukuru kwa uzi.

Ila mkuu umeanzia Namanga kana kwamba watu wote wanatoka Nairobi. Sisi tunaotoka Dar mateso yetu hayana muhuri wala dirisha. Ni Chalinze hadi Segera, halafu Korogwe, halafu vile vibao vya 50 vya Same na Mwanga. Umetoka kwenye 50, umekanyaga kidogo, mita chache mbele trafiki amekaa nyuma ya mwarobaini na tochi yake ya kupima mwendo. Faini ni 30,000, unapewa namba ya malipo, safari inaendelea. Ukipigwa tatu kabla ya Moshi, mbuzi wa sikukuu umeshamlipia serikalini.

Bwana Tochi

Kibosho Road, kibao si kimeandikwa? Ona 50, tembea 50. Wenye magari ya Dar mnaendesha kama mnafukuzwa halafu mnalia humu.

Kibosho Road

Sibishi sheria mkuu. Nabisha vibao vya kuanza 50 ambavyo havina mwenzake wa kumaliza. Unatambaa hadi porini huku basi linakupigia honi nyuma.

Konda Mkongwe

Kwa wanaosafiri na basi kutoka Dar: tangu 2023 LATRA (wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu Tanzania) waruhusu mabasi ya masafa kutembea usiku, mambo yamebadilika sana. Zamani kila basi la kaskazini lilitoka alfajiri, kwa hiyo wote tulikutana Chalinze kwa wakati mmoja, tukakutana mizani kwa wakati mmoja, tukagombania sehemu moja ya kula. Sasa hivi mzigo umegawanyika. Basi la saa tatu usiku linapita Vigwaza mizani hakuna foleni ya maana, na alfajiri uko Kilimanjaro.

Mizani wengi hawaielewi. Basi nalo linapimwa, siyo lori tu. Desemba kila abiria ana gunia la mchele, ndoo ya samaki, na friji la mama. Basi likizidi uzito tunawekwa pembeni, tunashusha, tunapanga upya ekseli ya nyuma na ya mbele, abiria wanatutukana. Yule anayetutukana zaidi ndiye mwenye friji.

Tiketi: kata mapema na uangalie nauli iliyoandikwa. Upande wa Tanzania kuna nauli elekezi ya LATRA, ukitozwa zaidi una pa kulalamika. Upande wa Kenya Desemba nauli inapaa kadiri watu wanavyojaa, hakuna wa kumlilia.

Mkaazi wa Kitengela

Mnaongea Namanga, Namanga. Mimi nimekaa huku miaka, niwaambie foleni ya kweli iko kwetu. Kutoka Namanga hadi Isinya barabara inateleza, unaona ni kama umefika Nairobi. Ukikaribia Kitengela unazima injini. Ukitoka Kitengela hadi makutano ya Athi River unaweza kukaa muda mrefu kuliko uliokaa mpakani, hasa jioni na hasa Ijumaa.

Dawa mbili. Kama unaenda Rongai, Ngong au Karen, kata kushoto Isinya ushike barabara ya Kiserian, ni lami, usije kwetu kabisa. Kama unaenda Westlands au zaidi, ukishafika Mlolongo panda ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022. Unalipa, lakini hujui Cabanas wala Bellevue wanalia nini huko chini.

Mwana wa Longido

Umenena, mkaazi. Naongeza: wanaotoka Nairobi kwa gari lao wakitoka saa kumi na moja alfajiri wanaua ndege wawili, Kitengela bado wamelala na Namanga bado kweupe. Lakini msitoke saa nane usiku. Kajiado hadi Longido usiku ni ng'ombe, punda, na wakati mwingine pundamilia anasimama katikati ya lami anakuangalia. Hakuna taa ya barabarani. Ng'ombe mweusi kwenye lami nyeusi humwoni hadi macho yake yang'ae, na hapo umeshachelewa kukanyaga breki.

Mama wa Watatu

Jamani naomba msaada. Niko Nairobi na wanangu watatu, baba yao yuko kazini nje ya nchi. Tunakwenda Moshi kwa bibi. Wakubwa wana pasipoti, wa mwisho ana miaka miwili hana. Anaweza kupita kwa pasipoti yangu?

Konda Mkongwe

Dada, hapana. Kila mtoto na hati yake, hata mchanga. Mtoto aombewe hati ya muda kabla ya safari, usisubiri kuombea dirishani na watoto wawili wanalia. Beba cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja, halisi siyo picha kwenye simu. Na kwa kuwa baba hayupo, pata barua yake ya idhini iliyosainiwa, na nakala ya kitambulisho chake. Wanaweza wasikuulize kabisa. Wakikuuliza na huna, basi zima linakusubiri wewe, na baada ya nusu saa haliwezi kukusubiri tena.

Mama wa Watatu

Asante sana kaka. Naanza na barua leo hii. Na hiyo chanjo watoto nao?

Mwana wa Longido

Dada yangu, chanjo ya homa ya manjano kwa kawaida ni kuanzia miezi tisa, kwa hiyo wote watatu wanahusika. Waulize kliniki, na uhesabu zile siku kumi.

Pikipiki Haina Foleni

Mnajitesa bure. Pale Namanga unashuka kwenye basi, bodaboda anakupitisha kule nyuma ya nyumba, dakika tano uko upande wa pili unakula mishikaki unasubiri basi lako. Hakuna foleni wala chanjo.

Mwana wa Longido

Huyu msimsikilize. Wenyeji wa pale wanavuka kwenda sokoni na kurudi, wanajulikana kwa sura. Wewe unayekwenda Nairobi ukivuka hivyo huna muhuri wa kuingia. Kizuizi cha kwanza wakikagua basi, wewe ni mtu uliyeingia nchini kinyume cha sheria, hata kama pasipoti yako ni mpya inanukia. Na ukinusurika kwenda, wakati wa kurudi dirisha la kutoka litakuuliza uliingia lini na wapi. Utajibu nini? Nimeshaacha abiria wa namna hiyo mikononi mwa Uhamiaji, na siwezi kuwasaidia kwa sababu gari lina watu wengine.

Pikipiki Haina Foleni

Haya mkuu, sikukuu njema.

Nyuma Mwiko

Mimi yangu ni malalamiko. Mwaka jana basi moja (jina kapuni) lilituacha watu wanne Namanga. Tulikuwa bado kwenye mstari, konda akapiga honi mara mbili akaondoka. Begi kubwa nilikuwa nalo kwa sababu ya mashine ya ukaguzi, lakini kifurushi cha dawa za mama kilibaki juu ya siti. Nikafika Nairobi na kibasi kingine kwa kulipa nauli upya, na dawa sikuziona tena.

Konda Mkongwe

Pole sana. Huyo si konda, ni mpigadebe aliyepewa sare. Orodha ya abiria tunayo, unahesabu vichwa kabla ya kuwasha gari.

Kwa wengine: mkishuka piga picha ya namba ya basi na uchukue namba ya simu ya konda kabla hujaingia ndani ya jengo. Mabasi pale yanazunguka na kupaki upande mwingine, unatoka unakuta matano ya rangi moja. Dawa, pesa na karatasi zisikae juu ya siti hata sekunde moja.

Shilingi Mbili

Wabadilisha fedha wa pale nje hawajatajwa. Angalieni mikono yao. Anakuhesabia noti mbele ya macho yako, moja, mbili, tatu, kumbe kuna noti imekunjwa katikati ya bunda na anaihesabu ncha zote mbili. Unapokea unaona bunda nene. Ukifika Longido unahesabu upya, pungufu. Badilisha kidogo tu ya maji na choo, nyingine kabadilishe benki au duka la fedha mjini.

Kibosho Road

Na anakwambia "harakisha mama, basi linaondoka" ili usihesabu.

Nyali Kwetu

Ndugu zangu, sisi wa Mombasa mmetusahau. Nataka kwenda Tanga, nimebeba familia, gari ni letu. Lunga Lunga kukoje? Na huko Holili wanakokusema watu ni wapi hasa?

Mwana wa Longido

Nyali, kwa Tanga hapo ndipo penyewe. Lunga Lunga ukivuka unaitwa Horohoro, halafu Tanga mjini ni kilomita kama 65 za lami. Magari ni machache kuliko Namanga. Shida yenu ni kabla ya mpaka: feri ya Likoni. Pita barabara ya Dongo Kundu utokee upande wa Kwale bila kuigusa feri.

Holili ni ya anayekwenda Moshi. Ukitoka Mombasa unakwenda hadi Voi, unakata kushoto kupitia Mwatate hadi Taveta, kilomita mia moja na ushei kutoka Voi, unavuka Holili, na Himo ni pua na mdomo. Kituo cha pamoja cha pale kilizinduliwa 2016, kabla hata ya Namanga. Watu wa Kilimanjaro wanaoishi Mombasa wakizunguka Nairobi nawashangaa sana. Sharti moja: Voi–Taveta mpite mchana. Barabara inakatiza kwenye hifadhi ya Tsavo, tembo hana breki.

Kibosho Road

Na asiye na gari apande SGR ashukie Voi, kisha atafute matatu za Taveta. Ila tiketi za treni za Desemba zinaisha mapema mno, usiende stesheni tarehe 23 ukitegemea huruma.

Mdau wa Busia

Kwa faida ya wanaopanda juu kwenda Uganda: abiria wengi wa mabasi ya Kampala wanavukia Busia au Malaba. Malaba ndiko malori yanakojipanga, mstari unaweza kuanzia mbali sana na mji. Basi huwa linaruhusiwa kupita pembeni, lakini ule upande wa pembeni nao una malori yaliyokosa subira. Busia kwa abiria mara nyingi ni nafuu. Usiku wa kuamkia tarehe 24 hakuna nafuu popote.

Bwana Tochi

Wa Rusumo, mpaka wa Tanzania na Rwanda, nao wakumbuke Rwanda wanaendesha kulia na saa yao iko nyuma kwa saa moja. Nimemaliza.

Nyali Kwetu

Shukrani Mwana wa Longido. Sasa gari. Nikae na nini mkononi? Nina kadi ya njano tayari, nilichanjwa zamani.

Konda Mkongwe

Hiyo uliyo nayo ni ya chanjo. Gari nalo linataka kadi yake ya njano, ile bima ya kuvuka mipaka ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika). Tanzania ilishajitoa COMESA lakini kwenye mpango wa bima hiyo imo, kwa hiyo inafanya kazi. Bima yako ya ndani ya Kenya ukivuka Horohoro ni karatasi tu. Mpigie wakala wako wa bima akuongezee, ni kazi ya siku moja.

Forodha watataka logibuku halisi (hati ya umiliki wa gari), watakupa kibali cha muda cha gari. Soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa pale, usizidishe. Ukiona sikukuu imenoga unataka kuongeza siku, nenda ofisi ya forodha kabla kibali hakijaisha. Beba pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda, na leseni. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, Kenya waliipiga marufuku 2017 na Tanzania 2019. Wale mama wanaofunga chapati za safari kwenye rambo, wafunge kwenye kitambaa.

Gari ni lako kwa jina?

Nyali Kwetu

Hapo ndipo penye mushkeli. Nalinunua kwa mkopo, logibuku iko benki, imeandikwa jina langu na la benki.

Konda Mkongwe

Basi nakala haitoshi. Unahitaji barua ya benki inayokuruhusu kulitoa gari nje ya nchi, ikitaja namba ya gari, jina lako na tarehe za safari, iwe na muhuri. Pamoja nayo nakala ya logibuku iliyothibitishwa na haohao benki. Gari likiwa la ndugu yako, barua ni ya ndugu yako. Nimeona baba mzima anaachwa Horohoro na gari, mke na watoto wanapanda basi kwenda harusini bila yeye.

Unasafiri lini?

Nyali Kwetu

Tarehe 23 alfajiri. Leo ni tarehe 18.

Mwana wa Longido

Una siku chache za kazi tu hapo, na benki wiki hii nusu ya watu wako likizo. Usitume barua pepe ukangoja. Nenda mwenyewe.

Nyali Kwetu

Nimeshampigia yule dada wa mikopo. Amesema barua inasainiwa na meneja, na meneja anaondoka kesho adhuhuri. Saa mbili na nusu niko mlangoni kwao.